Mwalimu Aliyekataa Jibu Sahihi

Saa mbili asubuhi, na jua la Msambweni limekwisha kuyapasha mabati ya darasa. Mwalimu Mwanatumu Salimu ameishika chaki kwa ncha za vidole kama mtu aliyeshika sindano. Anachora mlima na bonde ubaoni kwa mkupuo mmoja, bila kuinua mkono.

"Hapa napanda," anasema. "Hapa nateremka. Kati ya kupanda na kuteremka nimefanyaje?"

"Umepumzika, Mwalimu," anajibu Husna kutoka safu ya mbele, na darasa linacheka.

"Haya, nimepumzika. Sasa nitafutieni hapo pa kupumzikia. Lakini msinitafutie kwa macho, macho yanadanganya. Nitafutieni kwa hesabu."

Siku nyingine yeye ndiye angekuwa wa kwanza kucheka. Leo hacheki. Nyuma ya darasa, juu ya kiti kilichotolewa ofisini kwa mkuu wa chuo kwa kuwa madawati yangemchafulia suruali, ameketi mkaguzi. Miwani iko puani, kalamu iko mkononi. Atakachokiandika kabla ya kengele ndicho kitakachoamua kama Mwanatumu atapewa mkataba mwingine wa kufundisha, au ataambiwa ahsante na kufunguliwa lango.

Mwanatumu ni mwalimu wa hesabu katika chuo kidogo cha ufundi, nje kidogo ya mji. Ana umri wa miaka thelathini na minane, mume mmoja, watoto watatu, na mkataba ambao haujawahi kuzidi muhula mmoja. Mwaka wa sita huu. Kila muhula ukiisha yeye huwa si mwalimu tena, mpaka atokee mtu ofisini akumbuke kutia saini.

Saa moja darasani ni shilingi mia tatu na hamsini. Likizo ikiingia, na malipo nayo huenda likizo. Waliopanga hivyo wao hulipwa mwezi kwa mwezi, mvua inyeshe jua liwake, na hakuna aendaye kukaa nyuma ya ofisi zao na kalamu.

"Sijazoea," anasema Mwanatumu. "Watu hudhani mtu huzoea. Kila mwisho wa muhula huwa kama mara ya kwanza."

Wanafunzi wake si watoto. Wengine wana ndevu, wengine wamewaacha wanao kwa bibi zao Kikoneni ili waje kusomea ujenzi. Mchana wako chuoni, jioni wako kazini: huyu hotelini Diani akikunja mashuka, yule juu ya paa la mtu akishona makuti. Stashahada yao ina vipimo, ina michoro, ina saruji na chuma, na yote hayo huyapita. Wanapokwama ni kwenye hesabu, na ndani ya hesabu wanakwama mahali pamoja, mahali ambapo leo mkaguzi amekuja kupatazama.

Mada yenyewe Mwanatumu ameipa jina lake la nyumbani: namba tete. Vitabuni ina jina la Kiingereza ambalo wengi walilihofia hata kabla ya kulijua maana. Yeye huwaambia kwamba fomyula yoyote ni njia, na njia hupanda, hushuka, au hutulia. Ipo namna ya kuipika fomyula ya kwanza ukapata ya pili, na hiyo ya pili kazi yake ni moja tu, kukwambia kila mahali mwinuko ni kiasi gani. Yeye huiita fomyula ya mwinuko. Namba tete ni mahali pale ambapo njia huenda ikageuka. Ukizijua hizo, umejua pa kutafuta kilele na pa kutafuta bonde, na huhitaji kutembea njia nzima.

Maneno mepesi namna hiyo hata aliyetoka shule mapema angeyashika. Sasa jiulize kwa nini miaka yote hiyo watu waliambiwa kwamba hesabu hizi ni za wenye vichwa maalumu. Aliyewaambia hivyo alikuwa anaficha nini? Pengine alikuwa anaficha kwamba yeye mwenyewe hakuelewa.

Ubaoni Mwanatumu ameandika mfano wa kwanza: x kwa kipeo cha tatu, ukitoa x mara kumi na mbili. Kalamu zinakimbia. Wanaipika fomyula, wanapata ile ya mwinuko, x kwa kipeo cha pili mara tatu, toa kumi na mbili. Wanaifanya iwe sawa na sufuri, kwa kuwa njia iliyotulia haina mwinuko.

Husna ananyosha mkono kabla ya wenzake. "Kumi na sita, Mwalimu."

"Kumi na sita ni nini?"

"Ni kilele."

"Ni urefu wa kilele. Nimekuuliza kiko wapi. Mgeni akikuuliza kwenu ni wapi, utamjibu kwetu ni nyumba ya ghorofa mbili?"

Darasa linaangua kicheko, na Husna anajifunika uso kwa daftari huku naye akicheka. Kisha anakwenda ubaoni mwenyewe na kuandika mbili na hasi mbili. Kwenye hasi mbili ndipo mlima, kwenye mbili ndipo bonde. Mkaguzi anaandika. Mwanatumu anakiona kichwa chake kikiitikia, na pumzi aliyokuwa ameibana tangu asubuhi inatoka kidogo.

Mpango wa somo una mifano mitatu. Anajua, kwa sababu walimu wote wa mkataba wanajua, kwamba mkaguzi ana mstari wa kujaza usemao kama somo limekamilika. Anayekamilisha ni mwalimu. Asiyekamilisha ni mtu anayehitaji kufikiriwa upya.

Mfano wa pili ni paa. Aliutunga usiku wa kuamkia jana akiwa anachambua mchele, maana alitaka kitu wanachokijua. Ni nyumba ya vyumba viwili, ya makuti, na vipimo vinaanzia katikati ya nyumba. Ukisimama katikati, paa liko mita tano juu yako. Kila ukisogea mita moja, kulia au kushoto, paa linashuka mita moja, mpaka ufike ukutani mita tatu kutoka katikati. Taja namba tete.

Wengi wanaandika kwamba haipo. Upande wa kushoto mwinuko ni moja, upande wa kulia ni hasi moja, na sufuri haipatikani popote. Kwa hesabu zao, nyumba hiyo haina kilele.

Ziro Mwinga peke yake ndiye ameinua mkono. Ni kijana wa miaka ishirini na tisa kutoka Kikoneni, fundi wa makuti tangu hajaota ndevu, na mtihani wa hesabu umekwisha kumwangusha mara mbili. Mapaa ya hoteli kadhaa za Diani yamepita mikononi mwake, ila kwenye karatasi za zabuni huandikwa jina la mtu mwingine, mwenye cheti.

"Namba tete ni sufuri, Mwalimu," anasema. "Pale katikati kabisa."

Ndilo jibu. Mkaguzi anatabasamu na kuweka alama. Kilichobaki kwa Mwanatumu ni kusema vyema, Ziro, kisha afute ubao aende kwenye mfano wa tatu. Muda unatosha.

Badala yake anauliza, "Umeipataje?"

"Kwa kuwa pale juu mwinuko ni sufuri. Pale ni bapa."

"Nani kakwambia ni bapa?"

"Mimi mwenyewe, Mwalimu. Nimewahi kulala pale."

Wanacheka tena, lakini Ziro hatanii. Fundi wa makuti akifika juu hukunja makuti na kuyalaza juu ya mgongo wa paa, tabaka kwa tabaka, mvua isipenye pale pande mbili zinapokutana. Wao huita kofia. Paa likivikwa kofia, juu yake huwa pamejiviringa kama mgongo wa punda, na fundi aliyechoka anaweza kujinyosha hapo akangoja chai ipandishwe. Mtu wa bara asingekosea hivi. Kosa hili ni la mtu aliyekwisha kukaa juu ya paa na kulijua kwa makalio yake.

Mkaguzi anakohoa. "Mwalimu, jibu ni sahihi," anasema. "Tuendelee."

Hapa ndipo Mwanatumu anaposimama kidogo, na baadaye atasema kwamba hapo aliwaona watoto wake watatu kama waliopangwa foleni mlangoni. Alijua vizuri alichokuwa anaombwa kufanya.

"Jibu ni sahihi, Bwana Mkaguzi," anasema kwa sauti ya chini, ya adabu. "Njia ndiyo si sahihi. Naomba ruhusa nimrudishe."

Hangojei ruhusa. Anachana kifuniko cha boksi la chaki, anakikunja katikati, anakisimamisha mezani kama paa. Anamwita Ziro mbele na kumpa rula.

Anamwambia ailaze rula upande wa kushoto. Rula inalala, inafuata mteremko, na haina namna nyingine ya kulala. Anamwambia ailaze kulia. Inalala vilevile, kwa upande wake. Kisha anamwambia ailaze pale juu kabisa, kwenye kunjo.

Rula inayumba. Ziro anaisawazisha, inainamia kushoto. Anairudisha, inainamia kulia. Wenzake wamesimama ili waone.

"Mwinuko wa hapo ni upi?" anauliza Mwanatumu.

"Wowote nitakao, Mwalimu."

"Na kitu ambacho kila mtu anakitajia bei yake, kina bei?"

Ziro anaiangalia rula. "Hakina."

"Basi hapo hapana mwinuko. Si kwamba mwinuko ni sufuri. Haupo. Sufuri ni jibu. Hapo hapana jibu."

Lakini fundi hashindwi upesi hivyo. Ziro anasema kwamba paa la namna hiyo mtu hawezi kulikabidhi kwa mwenyewe, litavuja. Lazima livikwe kofia, na likivikwa kofia rula itatulia. Na kweli itatulia. Mwanatumu anakubali, na anamwambia kwamba akilivika kofia amelibadilisha paa, na paa jipya lina fomyula yake. Swali la leo limeuliza paa lililo kichwa wazi.

"Kwa hiyo mwenye kutafuta sufuri peke yake," anasema Husna taratibu, kama anayejisemea, "anaweza kupita juu ya kilele cha nyumba yao asikione."

"Sema tena, wasikie walioko nyuma."

Analisema tena. Wanaandika. Namba tete ni za namna mbili: pale mwinuko ulipo sufuri, na pale mwinuko usipopatikana. Mwanatumu anaongeza sharti moja, kwamba lazima njia yenyewe ipite hapo. Ikiwa njia imekatika, penye shimo hapana kilele wala bonde, usijisumbue. Anaongeza na onyo: si kila penye kutulia ni kilele, kuna aliyepumzika ngazini kisha akaendelea kupanda. Ndiyo maana zinaitwa tete. Zinakuonyesha pa kutazama, kuamua ni kazi nyingine.

Kengele inalia. Mfano wa tatu haujaandikwa. Mkaguzi anafunga faili lake, anasimama, anajipangusa suruali ambayo haina vumbi, na kutoka.

Ziro alimfuata mwalimu wake kwenye kibaraza. Alimwamkia upya, shikamoo, ingawa walikuwa wameamkiana asubuhi. Kisha alisema amemharibia ukaguzi.

"Bora uniharibie mimi leo kuliko mtihani ukuharibie wewe mara ya tatu," Mwanatumu alimjibu. Mtahini, alimwambia, hatoi alama kwa namba iliyookotwa. Anataka kuona mtu kapitia wapi.

Mapenzi yake kwa hesabu hizi aliyapata kwa njia ya ajabu. Alizaliwa Kinondo, na alipokuwa kidato cha nne mwalimu wa hesabu alihamishwa, na wa kumrithi hakuletwa. Mihula miwili. Darasa zima likangoja kama watu wanaongoja lori la maji. Mwanatumu alichoka kungoja. Alikichukua kitabu, akasimama mbele, akaanza kuwasomea wenzake kwa sauti, na penye kutoeleweka akisema wazi kwamba hapa hapaeleweki, tuparuke, tutarudi.

"Yale niliyoyaruka ndiyo yaliyonifanya mwalimu," anasema. "Nilirudi kwayo moja moja. Mengine nilirudi nikiwa na mimba ya mtoto wa pili."

Waliosahau kuleta mwalimu ule mwaka hawakuulizwa na mtu. Huenda wamepanda vyeo. Watoto walioanguka mtihani kwa sababu yao, wao ndio walioulizwa na wazazi wao kwa nini wameanguka.

Alisomea ualimu, akahitimu. Kila mara nafasi za kudumu zinapotangazwa hupeleka karatasi zake, na kila mara majina hubandikwa na lake halimo. Hamtaji mtu. Wengine hapa wangetaja.

Nyumbani, mume wake Abdulaziz, fundi wa friji katika hoteli moja ya Diani, alimsikiliza kisa chote akiwa ameinamia kupuliza chai ya mkewe ipoe. Alimwambia, Mama Twaiba, ungemaliza somo kwanza, paa ukalishughulikia kesho. Naye akamjibu kwamba kesho wangekuwa wamekwisha kuliamini. Hawakugombana. Alimsogezea kikombe. Mwenye mtu wa kumpulizia chai huwa hajui ana utajiri gani, na pengine ni vizuri asijue.

Wiki mbili zilipita bila habari. Mwanatumu aliendelea kuingia darasani, na wanafunzi waliendelea kumtazama usoni kila asubuhi kabla hawajatazama ubaoni. Kisha mkuu wa chuo akamwita.

Taarifa ya mkaguzi ilikuwa na kurasa mbili. Ilisema mwalimu anaijua mada. Ilisema darasa lina uhai. Halafu ilisema somo halikukamilika, kwamba mwalimu alitumia muda mrefu juu ya swali lililokwisha kujibiwa sawasawa, na kwamba mkataba wake usiongezwe mpaka apate mafunzo ya kupanga muda. Mafunzo hayo yatafanyika lini, na wapi, na kwa fedha za nani, taarifa haikusema.

Mtu aliyeketi akaona mwalimu akimtoa mwanafunzi shimoni kwa mkono, kisha akaandika kwamba mwalimu amechelewa. Na yeye ndiye mwenye gari.

Mkuu, kwa haki yake, alijaribu kuifuata taarifa. Tangazo la kutafuta mwalimu mwingine lilibandikwa, kwa malipo yaleyale ya kila saa. Alikuja kijana mmoja kutoka Mombasa, akauliza malipo, akauliza likizo, akaaga kwa adabu. Hakuja mwingine. Mtihani ulikuwa unakaribia, na namba tete lazima zitoke, hutoka kila mwaka.

Mwanatumu akaitwa tena, akapewa karatasi atie saini. Muhula mmoja. Wengine wangesema ameshinda. Hawakumpa kwa kuwa waliiona thamani yake. Walimpa kwa kuwa hawakumpata mwingine wa bei hiyo.

Yeye hana hasira, au akiwa nayo anaificha mahali pazuri. Anasema alitia saini haraka, kabla mtu hajabadili mawazo, kisha akaenda darasani na kuandika ubaoni mfano wa tatu. Hakuwaambia chochote. Ziro ndiye aliyeuliza kama ni kheri, na alipojibiwa kuwa ni kheri hadi mtihani, mmoja akaanza kupiga meza kwa kiganja, na wote wakafuata mpaka mkuu akatuma mtu kuuliza kuna nini.

Ziro sasa amekwisha kupita jaribio la chuo. Swali la namba tete alilifanya lote, na pale mwinuko usipopatikana aliandika sentensi nzima kueleza kwa nini. Mtihani wenyewe bado. Akiupita, jina litakaloandikwa kwenye karatasi za zabuni litakuwa lake.

Na mwalimu wake? Baada ya mtihani, mkataba umekwisha. Karatasi za nafasi ya kudumu amezipeleka tena, na hazungumzii sana hilo. Anachozungumzia ni mpango mwingine, alioupanga kimya tangu siku alipotoka ofisini na ile saini. Ameanza kubaki na Husna saa moja baada ya masomo, saa ambayo hailipwi. Hawapitii masomo ya Husna. Wanapitia namna ya kumweleza mtu asiyeelewa: wapi pa kusimama, wapi pa kungoja, na lini ukatae jibu zuri.

"Mimi nilikuta darasa halina mwalimu," anasema, akikung'uta chaki kwenye mikono ya buibui. "Sitaki kuacha darasa halina mwalimu. Wakiniajiri, alhamdulillahi, tutakuwa wawili. Wasiponiajiri, wao watakuwa hawana wa kumweka, lakini hawa wanafunzi watakuwa na Husna."

Husna bado hajui. Anadhani anasaidiwa kufaulu. Jumatatu ijayo Mwanatumu atampa chaki mbele ya wenzake, na yeye atakwenda kuketi miongoni mwao, anyoshe mkono, na aulize swali la kwanza.